Kutengeneza vepu (sigara ya umeme) kwa spea za vifaa vibovu: okota vyote ila betri na vinavyogusa pumzi yako

Nianze na hili, kama huvuti usianze kwa sababu ya makala hii, nikotini ikishakushika kuachana nayo ni kazi kwelikweli. Nawaandikia waliokwisha amua, wale wana rundo la laptopu mbovu na vikorokoro pembeni, chuma cha kulehemu kiko mezani kishapata moto na mtu anajiuliza hapa nitoe nini niache nini. Mimi nilikuwa hapo. Nimetengeneza vepu tatu, ya kwanza iliungua, ya pili niliivunja mwenyewe kwa uoga, ya tatu ndo nikaitumia mpaka nilipoacha kabisa.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Betri, swichi, koili, pamba. Umeme unapita kwenye koili, koili inapata moto, majimaji yaliyo kwenye pamba yanageuka mvuke, basi. Kwa hiyo mtu anaona ni rahisi, na ni rahisi kweli kuifanya iwake, shida iko kwenye kuifanya izime.

Tuanze na betri maana ndo inayoumiza watu. Ukifungua betri ya laptopu ya zamani unakuta zile za mviringo, 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Nilipima moja kwa multimita ikanionyesha volti 4.1, nikafurahi nikajua nimepata kitu kizima. Nikaiweka kwenye koili ya omu 0.5 (omu ni kipimo cha ukinzani, ikiwa ndogo umeme unapita mwingi). Sasa piga hesabu, betri ikijaa ni volti 4.2, gawa kwa 0.5 unapata ampea 8.4, karibu wati 35, na betri nyingi za laptopu zimetengenezwa kutoa ampea chache taratibu kwa masaa, sio kukamuliwa hivyo. Nilipobonyeza huku multimita imeunganishwa nikaona namba inadondoka mpaka chini ya 3, na baada ya kuvuta mara nne tano hivi betri ilikuwa ya moto kiasi kwamba siwezi kuikumbatia kwenye kiganja. Hiyo ndo dalili ya betri iliyochoka ndani, volti ikiwa imekaa bure inakudanganya, lazima uipime ikiwa inafanya kazi. Na hizi betri zikizidiwa na joto zinaweza kufika mahali zinajipasha zenyewe, hata ukikata umeme hazisimami, zinalipuka au zinatoa moto na moshi wenye sumu, na wewe kitu kiko karibu na mdomo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja tu na siubadilishi: betri nunua mpya, ya kampuni inayoeleweka, iliyoandikwa ampea inazoweza kutoa bila kupumzika, na hizo ampea ziwe nyingi kuliko koili yako inavyokula. Koili ya omu 1 inakula kama ampea 4 tu, anzia hapo. Angalia pia lile ganda la plastiki la nje, watu hawajui kwamba mwili wote wa 18650 ni hasi mpaka kwenye ukingo wa juu pembeni ya kichwa chanya, ganda likichanika kidogo tu na ikagusana na boksi la chuma imepiga shoti. Usiitie mfukoni na funguo. Na usilehemu moja kwa moja kwenye betri, lile joto linaiharibu ndani, tumia kishikizo chenye springi.

Sasa swichi. Vile vibonyezo vidogo vya kwenye redio na rimoti havibebi umeme wa hivi, changu cha kwanza plastiki iliyeyuka kikagandia ndani, koili ikabaki inawaka mpaka pamba ikaungua nyeusi. Ndo nikajifunza kutumia mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki, kibonyezo kinaamrisha tu, mosfeti ndo inabeba mzigo. Unaweza kuzitoa kwenye madabodi ya kompyuta, ziko nyingi karibu na prosesa, ila hakikisha ni aina inayofunguka kabisa, yaani kupitisha umeme wote, kwa volti 3 au chini yake, ikifunguka nusu inachemka yenyewe. Halafu kuna rezista moja, kama kilo-omu 10, inatoka kwenye geti (mguu wa mosfeti unaopokea amri) kwenda hasi, mimi sikuiweka. Niliona ni urembo. Usiku nimeiacha mezani nikasikia harufu ya kuungua, kufika koili ni nyekundu na hakuna aliyebonyeza kitu, kumbe bila ile rezista geti linabaki na chaji na mosfeti inaendelea kupitisha umeme. Hiyo ndo niliyoivunja. Weka rezista, na weka fyuzi pia ya kukata umeme ikipiga shoti, mimi niliweka ya gari ya ampea 7.5, ila mosfeti ikifa mara nyingi inafia ikiwa inapitisha umeme, na hapo fyuzi hiyo haikati kwa koili ya omu 1.

Vinavyogusa pumzi yako navyo usiokote. Waya wa koili nunua kanthal, waya maalumu wa kupasha joto, usichukue waya wowote uliopakwa zinki, moshi wake ni sumu, na lehemu yenye risasi ikae mbali na njia ya hewa. Pamba nayo iwe safi ya kazi hiyo. Vingine vyote okota kwa raha zako, boksi la aluminiamu, skrubu, springi, nyaya nene za pawasaplai ya kompyuta, hapo ndo spea kuukuu zinapopendeza na ndo nilipofaidi zaidi.

Kuchaji, toa betri uweke kwenye chaja yake ya nje inayokata yenyewe ikifika volti 4.2, na uwepo hapo inapochaji.

Kabla hujaweka koili, weka balbu ndogo ya gari ya volti 12 mahali pake, itawaka hafifu tu na inatosha. Bonyeza achia, bonyeza achia, hata mara 100, tikisa boksi, lilaze, lisimamishe, ligeuze juu chini huku unaangalia balbu. Ikichelewa kuzima hata mara moja fungua utafute tatizo, ikizima kila unapoachia ndo utoe balbu uweke koili.