Mbwa Wanapompoteza Sungura Kinamasini

SWALI: Ninaishi magharibi mwa Kentucky, Marekani, na nina mbwa wawili aina ya Beagle. Kwenye mashamba wanamfukuza sungura vizuri mpaka nampata. Kando ya mto wanabweka dakika chache, halafu kimya. Wana kasoro gani?

JIBU: Hawana kasoro, ndugu. Kiswahili kinawaita wote sungura, ila huko unawinda wanyama wawili tofauti.

Yule wa mashambani, mwenye mkia mweupe kama pamba, ana kilo 1 hivi na hapendi kuhama eneo lake. Akikurupushwa, huzunguka na kurudi karibu na pale alipotokea. Kwa hiyo usiwafuate mbwa. Simama papo hapo, penye uwazi, utulie. Macho yawe mbele sana ya sauti zao, kwani sungura huwa ameshawaacha mbali. Huja kwa kurukaruka, anasimama, anategesha masikio. Ukisogeza mguu tu, anakata kona.

Wa kinamasini ni mkubwa, hupita kilo 2, na anajua kuogelea. Akibanwa hujitosa majini na kujificha chini ya mizizi, pua tu ikiwa juu. Harufu inakatikia ukingoni. Hapo wawindaji wengi huwaita mbwa na kuwakimbiza mbele, nao wanapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Waache wanuse wenyewe. Wakishindwa kabisa, wavushe ng'ambo, uwapitishe polepole kando ya maji, upande wa juu na wa chini wa pale alipoingilia, mpaka mmoja aipate tena harufu. Mzunguko wa huyu ni mpana, hivyo subira iwe ndefu zaidi. Utajua uko kwake ukikuta vidonge vya kinyesi juu ya magogo na visiki.

Ardhi ikiwa na unyevunyevu na upepo umetulia, harufu hukaa. Majani makavu na upepo mkali humbabaisha hata mbwa hodari. Toka asubuhi, umande haujakauka.

Kwa bunduki, marisau (chembe ndogo za risasi) ya ukubwa namba 6 yanatosha. Usifyatue kabla hujajua kila mbwa yuko wapi, maana kwenye nyasi Beagle ni mfupi na ni rahisi kumdhania sungura.

SWALI: Nilipompasua sungura nilikuta ini lina vidoadoa vyeupe. Analika?

JIBU: Hapana, wala usiwape mbwa. Huenda ni tularemia, homa ya sungura, na bakteria wake hupenya hata kwenye mchubuko mdogo. Ndiyo maana kila sungura, hata anayeonekana mzima, achunwe kwa glovu za mpira, kisha unawe kwa sabuni. Nyama iive mpaka nyuzi 74 za Selsiasi kwenye mnofu mnene wa paja. Kupe nao huieneza, kwa hiyo wakague mbwa masikioni na kwapani mkirudi. Ukipata homa, kidonda mkononi au matezi ya kwapa kuvimba, nenda hospitali mapema na useme wazi kwamba ulichuna sungura, ili daktari ajue aina ya viuavijasumu vya kukupa.