Jibu: Mkimbiaji tu, naweza triathloni fupi?

Mkuu, umeuliza kama mkimbiaji asiye mwogeleaji hodari anaweza kumaliza triathloni fupi, yaani kuogelea mita 750, kisha baiskeli, kisha mbio, mfululizo. Anaweza. Mimi nilimaliza ya hapa Mombasa mwaka jana, ila baharini nilikiona cha mtema kuni.

Mita 750 za bwawani si mita 750 za baharini. Kabla ya boya la kwanza nilipigwa teke la uso, nikameza maji ya chumvi, nikageuka chali nipumue. Inaruhusiwa, hata kushika boya unaruhusiwa, mradi usilivute ili usonge mbele. Kila baada ya mipigo kadhaa inua macho ulitafute boya, la sivyo mkondo utakupeleka Pemba (natania, kidogo).

Baiskeli, kilomita 20, nilitumia ya kawaida ya gia na sikuwa wa mwisho. Funga mkanda wa helmeti kabla hujagusa baiskeli. Mwenzangu hakufanya hivyo, akaadhibiwa.

Kilomita 5 za mbio utasema ndiko kwako? Subiri. Ukishuka kwenye baiskeli miguu si yako. Jizoeze kushuka na kukimbia papo hapo, hata dakika 10, kila wiki.