Boljointi ya kujazwa? Mkuu simama hapo hapo

Mkuu umeuliza mambo mengi, shokapu za gesi au za mafuta, bushi za mikono (zile raba za vyuma vinavyobeba matairi ya mbele), stelingi ya Hilux yako ya zamani kucheza. Bushi na stelingi nitazifikia, shokapu tuziache kwanza. Ila umeandika kwa kupita tu eti fundi kakwambia boljointi za chini, vile viungo vya duara vinavyoshikilia tairi la mbele kwenye mikono, "zitajazwa" usiingie gharama. Aisee. Hiyo sentensi na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Kujaza kwenyewe ni kwamba anaikata, anasokomeza nailoni, anaichomelea, anapiga rangi nyeusi, inarudi imekaza unaona kama mpya na wewe unatoka gereji unapiga honi. Kumbe moto wa weldi ushaharibu ugumu wa chuma, raba ya kuzuia vumbi ishaungua, na ile nailoni inalika taratibu kwenye rafu rodi na unaweza usishtuke mapema. Yangu ilichomoka Msamvu pale Morogoro, nakata kona mdogo mdogo naingia sheli, na nashukuru Mungu haikuwa mteremko wa Kitonga na mzigo nyuma maana saa hizi mngekuwa mnachanga rambirambi. Tairi likalala, gari likapiga goti mbele ya pampu kama linaomba mafuta ya mkopo, watu wakatoa simu kupiga picha, mimi nikasimama pembeni nikajifanya abiria 😂. Likavuta shafti, likakata paipu ya breki, likakunja madgadi, weka na hela ya brekidauni... hiyo hela ningefunga boljointi zote nne mpya za Japani, za juu na za chini, na nyama choma juu.

Nampigia fundi ananijibu "bosi barabara zenyewe si unazijua". Barabara! Yani lami ya Msamvu ndo ilichomelea ile takataka? Na muuza spea aliyenikatisha tamaa kwamba mpya hazipatikani tena za gari la zamani, nikaja kuzikuta duka la tatu kutoka kwake, mtaa ule ule. Sitaji majina nisije kulimwa ban.

Kwa hiyo boljointi haijazwi, hainunuliwi yuzdi, na haifungwi na splitpini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo. Mpya tu. Ukichukua za chapa ya 555 kagua vizuri, feki zimejaa.

Na usimwachie fundi akukisie. Piga jeki, shika tairi juu na chini utikise, likicheza mwambie mtu akanyage breki, mchezo ukiisha hiyo ni beringi, ukibaki mara nyingi ni boljointi. Ukitikisa kushoto kulia likacheza angalia tairodi, vile vyuma vinavyovuta tairi ukikata stelingi, ila kabla hujazinunua shusha gari, mtu achezeshe stelingi wewe ukiwa chini unaangalia aidla, ule mkono unaoshika vyuma vya stelingi upande wa pili, ikipanda na kushuka hata ufunge tairodi za dhahabu gari litatangatanga tu. Bushi za mikono boti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, ukikaza likiwa linaning'inia raba inajipinda inachanika mapema. Alaimenti, kunyoosha matairi yakae sawa, ndo ya mwisho kabisa, vyote vikishafungwa, usiilipie mara mbili mbili.

Huyo fundi mwambie unasafiri. Ukinunua hizo boljointi weka picha hapa kabla hazijafungwa, boksi na nyuma ya boksi.