Muulize Daktari: Roboti na upasuaji wa tezi dume

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu, miaka 66, amegundulika na saratani ya tezi dume: PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 11, Gleason (alama ya ukali wa saratani) 3+4, haijatoka nje ya tezi. Tumeambiwa tumpeleke India akapasuliwe na roboti. Je, mashine inafanya yenyewe? Na inashinda kisu cha kawaida? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Roboti haikati chochote yenyewe. Daktari hukaa kwenye kiti chake hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye picha iliyokuzwa mara 10 hivi, na vidole vyake ndivyo vinavyoongoza vifaa vilivyomo tumboni. Mashine inayotumika zaidi, da Vinci, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Tumbo hutobolewa matundu 5 au 6 na kujazwa gesi, mgonjwa akalazwa kichwa chini, miguu juu, kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kama Baba ana presha ya macho, mapafu mabovu, au aliwahi kupasuliwa tumbo, semeni kabla ya kukata tiketi. Tezi ikishatolewa pamoja na vifuko vya manii, kibofu huunganishwa na njia ya mkojo kwa mshono. Mshono huo ndio wa kuulinda kuliko kitu kingine.

Faida yake ni damu kidogo kupotea na kutoka hospitali mapema, mara nyingi siku ya 1 au ya 2. Zaidi ya hapo msitarajie miujiza. Utafiti wa Brisbane, Australia, uliwagawa wanaume zaidi ya 300 kwa bahati nasibu; baada ya miezi 24, waliopasuliwa kwa roboti na waliopasuliwa kwa mkono walikuwa karibu sawa katika kuzuia mkojo na nguvu za kiume. Mimi ningemfuata bingwa aliyekwisha kufanya mamia kwa mkono kuliko anayejifunzia roboti kwa Baba. Ulizeni amefanya wangapi, na nani hasa atakayekaa kwenye kiti siku hiyo. Tena, kabla ya kuuza shamba, ulizeni kuhusu mionzi: hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanayo, na kwa saratani ambayo haijatoka nje ya tezi ni tiba kamili, si ya kubahatisha.

SWALI: Mume wangu amepasuliwa tezi dume, amerudi juzi na mrija wa mkojo. Zahanati wanasema ukiziba watambadilishia. Ni sawa? (Mama wa Mombasa)

JIBU: Usikubali, mama. Mrija umepita katikati ya mshono mbichi. Mwingine ukisukumwa bila kuona unaweza kuupasua. Hukaa siku 7 hadi 14, na wa kuugusa ni aliyempasua au bingwa wa mfumo wa mkojo aliyeongea naye. Ukiziba au kuchomoka, nendeni hospitali yenye bingwa huyo saa hiyo hiyo. Mfuko uwe chini ya kibofu daima, na asipigwe bomba la haja kubwa. Mkojo wa rangi ya waridi ni kawaida. Mabonge ya damu, homa ya 38 au shavu la mguu mmoja kuvimba si kawaida: mguu huo unaweza kuwa na damu iliyoganda, hasa baada ya safari ndefu ya ndege.

SWALI: Miezi 2 tangu nipasuliwe, nikikohoa mkojo unavuja, na kitandani hakuna kitu. PSA ni 0.03. (Mzee, Morogoro)

JIBU: PSA yako nzuri, mzee wangu, tunashtuka ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha. Pima maabara ile ile kila mara.

Mkojo: kaza kama unayezuia ushuzi, hesabu hadi 8, legeza kwa muda huo huo, mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Usibane pumzi wala makalio. Wengi hukosea hapo, wakachoka bure. Kaza pia kabla ya kukohoa au kuinuka. Wengi hukauka kati ya miezi 3 na 12.

Nguvu za kiume hutegemea kama mishipa ya fahamu iliachwa, na hiyo huamka polepole, hata miaka 2. Vidonge vya sildenafil husaidia, ila ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Manii hayatarudi, kwa kuwa viungo vilivyoyatengeneza vimetolewa; raha ya kilele hubaki.