Kushabikia kikapu cha NESCAC: anza na ratiba, msimamo utafuata

Ligi ya kikapu ya wanaume ya NESCAC, umoja wa michezo wa vyuo vidogo vya kaskazini-mashariki ya Marekani, ina vyuo 11, na kila timu inakutana na nyingine mara moja tu. Mechi 10 za ligi, basi. Hakuna marudiano ya nyumbani na ugenini kama tulivyozoea kwenye soka. Ndiyo maana anayefungua msimamo kila Jumapili na kusoma nani yuko juu hudanganyika hadi katikati ya Februari. Jambo la kusoma ni ratiba: nani kacheza wapi, siku gani, na kabakiza nani.

Kwa mgeni, vyuo vyenyewe ni hivi. Maine kuna Bates (Lewiston), Bowdoin (Brunswick) na Colby (Waterville). Massachusetts kuna Amherst, Williams na Tufts. Connecticut kuna Trinity (Hartford), Wesleyan (Middletown) na Connecticut College (New London). Vermont ni Middlebury, na New York ni Hamilton, iliyoko Clinton. Wote wako Daraja la Tatu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mtu asikudanganye kwamba ni kikapu cha kujifurahisha: Williams walitwaa ubingwa wa taifa wa daraja hilo mwaka 2003, Amherst mwaka 2007 na 2013, na Trinity mwaka 2025 walipoifunga NYU (Chuo Kikuu cha New York) 64–60. Duncan Robinson, aliyefika fainali za NBA na Miami Heat mwaka 2020, mwaka wake wa kwanza chuoni aliuchezea Williams.

Sasa kaa na karatasi. Kabla ya Januari, chora jedwali la mistari 11, mmoja kwa kila timu, na safu 10 za mechi za ligi. Kila kisanduku andika mpinzani, kisha N kwa nyumbani au U kwa ugenini, na siku. Kila timu ina mechi 5 nyumbani na 5 ugenini. Utaona kwamba mechi nyingi zimepangwa kwa jozi, Ijumaa usiku na Jumamosi alasiri, na kwamba vyuo hutembea kwa jozi vilevile: ukiwa Maine na ukawapokea Wesleyan Ijumaa, usishangae Connecticut College kutua Jumamosi. Mpango huo unapunguza gharama za mabasi, lakini ndio unaoamua mechi nyingi kuliko kipaji.

Timu inayotoka Maine kwenda Clinton inakaa kwenye basi zaidi ya saa sita. Inacheza Ijumaa, inalala hotelini, inapanda basi tena kwenda uwanja mwingine, na Jumamosi saa tisa alasiri inatakiwa kukimbia upya. Timu yenye wachezaji saba wa kutegemewa itaonekana hodari Ijumaa, halafu Jumamosi kipindi cha pili mitupo yao ya pointi tatu itaanza kugonga ukingo wa mbele wa kikapu. Mpira unaopungukiwa hivyo ni dalili ya miguu iliyochoka, maana mtupo wa mbali nguvu yake inatoka miguuni. Kwa hiyo kwenye jedwali lako zungushia kila Jumamosi ya ugenini inayofuata Ijumaa ya ugenini. Hizo ndizo mechi ambazo timu ya tatu inafungwa na ya tisa na watu wanauliza kulikoni.

Kusoma msimamo kwa haki, tumia hesabu hii: ushindi wa ugenini ni +1, kufungwa nyumbani ni −1, mengine yote ni sifuri. Chukua timu A iliyoshinda 4 na kufungwa 1, zote zikiwa nyumbani. Kwenye msimamo inang'aa, ila hesabu inasema −1, na mechi zake 5 zilizobaki zote ni safari. Timu B imeshinda 3 na kufungwa 2, lakini ushindi wake mmoja tu ndio wa nyumbani na zote mbili ilizofungwa zilikuwa ugenini. Hiyo ina +2, na nyumbani kwake bado kuna mechi 4. Mwisho wa Januari, B ndiyo ya kuogopwa. Hesabu hii ni butu, haijui kama ulimfunga wa kwanza au wa mwisho, ila kwa ligi ya mzunguko mmoja inatosha kukuondolea kiwewe.

Mtego mmoja unawanasa hata wenyeji. Vyuo vitatu vya Maine huwa na desturi ya kukutana mara mbili kwa msimu, na vilevile Amherst, Williams na Wesleyan, lakini mechi moja tu kati ya hizo ndiyo inayohesabiwa kwenye ligi. Nyingine ni ya kawaida, mara nyingi ikichezwa mapema. Kwenye tovuti za vyuo, mechi ya ligi huwekewa alama, kwa kawaida nyota. Usipoitazama hiyo nyota utampa Bowdoin ushindi wa ligi ambao hana.

Majina nayo yanahitaji uangalifu unapotafuta matokeo. Kuna Trinity ya Connecticut na Trinity ya Texas, zote Daraja la Tatu. Wesleyan ndiyo balaa zaidi: Illinois Wesleyan, Ohio Wesleyan, Nebraska Wesleyan, Virginia Wesleyan, hakuna hata mmoja aliye NESCAC. Na mji wa Amherst una chuo hiki kidogo pamoja na chuo kikuu cha jimbo kinachocheza Daraja la Kwanza. Andika jina la utani pembeni ya jina la chuo na utapona: Trinity Bantams, Wesleyan Cardinals, Amherst Mammoths.

Saa za kukesha

Kwa aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, majira ya baridi ya pwani ya mashariki ya Marekani yako nyuma kwa saa 8. Mechi ya Ijumaa saa 1 usiku ya kule ni saa 9 usiku ya kwetu, na tarehe imeshakuwa Jumamosi. Hapa ndipo kengele za simu zinapowekwa siku isiyo yake. Ya Jumamosi saa 9 alasiri inaangukia saa 5 usiku wetu, na hiyo ndiyo zawadi ya wiki: unaitazama na bado unalala. Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi tofauti ni saa 7. Muscat ni 9. Jumapili ya pili ya Machi Marekani wanasogeza saa mbele, hivyo tofauti zote zinapungua kwa saa moja. Ligi yenyewe inakuwa imekwisha, lakini fainali za taifa zinakuja baada ya hapo, na kila mwaka kuna mtu anafungua simu mechi ikiwa imeshaanza saa moja nyuma akadhani tovuti imeharibika.

Matangazo mubashara huwekwa na chuo mwenyeji, kwa hiyo anzia ukurasa wa ratiba wa chuo chenye uwanja, si cha timu yako. Mechi huchukua kama saa mbili, na kwa picha ya ubora wa wastani weka bando la GB 1 hadi 1.5. Mtandao ukiwa mbovu, funga video ubaki na takwimu za papo hapo, zinakula data kidogo sana. Ila usifungue vyote viwili kwa pamoja: takwimu huwahi kufika kabla ya picha, na utajua mtupo umeingia wakati mchezaji bado ameushika mpira. Theluji ikiwa nzito, mechi huahirishwa, na mabadiliko hutangazwa kwanza na chuo mwenyeji. Saa mbili kabla ya muda, chungulia tena kabla hujaweka kengele.

Waliozoea sheria za kimataifa za FIBA wajiandae. Wanaume wa vyuo wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, si robo nne, na saa ya kushambulia ni sekunde 30 badala ya 24. Mstari wa pointi tatu ni uleule wa kimataifa, mita 6.75. Tofauti kubwa iko kwenye faulo za timu. Ikifika faulo ya 7 katika kipindi, mpinzani anapewa mtupo huru mmoja, na akiufunga ndipo anapata wa pili. Ikifika ya 10, anapewa miwili moja kwa moja. Faulo hizo hazifutwi mpaka kipindi kiishe, kwa hiyo timu yenye faulo 6 huku zimebaki dakika 11 iko matatani, hata kama inaongoza kwa pointi 8: kila mguso kuanzia hapo unampeleka mpinzani mstarini. Tazama kisanduku cha faulo kabla ya kutazama pointi.

Kwenye karatasi ya takwimu, usikimbilie mfungaji bora. Kadiria kwanza idadi ya mashambulizi: mitupo ya kawaida iliyojaribiwa, toa ribaundi za ushambuliaji (mitupo iliyokosa ikadakwa tena na timu iliyotupa), ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44. Timu yenye mitupo 60, ribaundi za ushambuliaji 10, mipira iliyopotea 12 na mitupo huru 18 imeshambulia mara 70 hivi. Ikifunga pointi 77, hiyo ni 110 kwa kila mashambulizi 100, kazi nzuri sana. Pointi 77 hizohizo kwa mashambulizi 85 ni kama 91, yaani timu inayokimbia ovyo na kupoteza. Bila hesabu hiyo, timu ya polepole inaonekana haina makali na ya mbio inaonekana hatari, kumbe ni kinyume.

Desemba shangilia hata adui

Bingwa wa mchujo wa ligi, yaani mtoano unaofuata zile mechi 10, anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa yenye timu 64. Waliobaki wanasubiri nafasi zilizobaki, na tangu msimu wa 2024–25 nafasi hizo zinaamuliwa na kipimo cha NCAA kiitwacho NPI. Kinapima matokeo yako pamoja na ugumu wa uliocheza nao, na kina utaratibu wa kuuacha nje ushindi dhidi ya timu dhaifu usije ukakushusha. Kura za D3hoops.com za timu 25 bora zinanogesha mazungumzo, lakini haziingii kwenye hesabu.

Ubishi wetu na mashabiki wengi uko hapa. Januari ikianza, kila ushindi ndani ya ligi ni kipigo cha mwingine ndani ya ligi. Kwa pamoja hawaongezi kitu. Heshima ya ligi nzima inajengwa Novemba na Desemba, dhidi ya timu za nje. Shabiki wa Bates anayefurahi Colby wakifungwa na timu ya nje mwezi Desemba anajichimbia kaburi, kwa sababu Februari Bates wakimfunga huyo Colby, ushindi huo utakuwa na uzito mdogo. Chuki ya jadi iwekwe kabatini hadi mechi ya kwanza ya ligi.

Januari ina jambo jingine dogo. Colby, Williams na Middlebury wana muhula mfupi wa mwezi huo, hivyo wanafunzi wako chuoni na kelele zipo. Vyuo visivyo na muhula huo vinacheza wiki za mwanzo mbele ya wazazi na wastaafu wa mtaa. Nyumbani bila wanafunzi ni nusu ya nyumbani, na kwenye jedwali unaweza kuweka N ndogo.

Kwenye mchujo wa ligi, aliyemaliza juu ndiye mwenyeji. Baada ya hapo NCAA hupanga timu nne kwenye uwanja wa chuo kimoja, mechi za kwanza Ijumaa na washindi kukutana Jumamosi. Kwa kuwa haipendi kulipia ndege raundi za mwanzo, timu zilizo ndani ya maili 500 husafiri kwa basi na kupangwa pamoja. New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, imejaa timu nzuri zilizokaribiana, kwa hiyo ni kawaida timu mbili kali za eneo hilo kuuana mapema wakati kona nyingine ya nchi ina njia nyepesi. Ukiona mpangilio, pima umbali kabla ya kulaumu waliopanga.

Wapo wasomaji wetu Lewiston, Wakongo na Warundi wengi tu, wanaopita karibu na Alumni Gymnasium ya Bates kila siku bila kujua kwamba mechi za msimu wa kawaida kwa kawaida hazina kiingilio. Ni uwanja mdogo wa zamani, watazamaji wako karibu na mstari, na kelele zinarudi kutoka kwenye kuta. Fika dakika 40 kabla ya mechi dhidi ya Bowdoin au Colby, na kaa nyuma ya benchi la wageni: wakati wa mapumziko mafupi utamsikia kocha akitaja mchezaji anayetaka afuatwe. Brunswick ni kama nusu saa kwa gari kutoka Lewiston, Waterville kama saa moja. Mechi za NCAA za Machi ni tofauti, hizo zina tiketi na nafasi ni chache. Mpangilio ukitangazwa Jumatatu, nunua siku hiyohiyo.