Jibu: Mashine ya kukereza inayotetemeka

Ndugu, nimekuelewa: shafti yako ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20 inatoka na mawimbi, na mashine inalia kila kisu kinapoigusa. Wengi hukimbilia kulaumu mota, lakini mimi ningeanza na kisu chenyewe, nikihakikisha kwamba hakijachomoza mno kwenye kishikio chake na kwamba ncha yake inalingana kabisa na kitovu cha shafti. Kisha punguza mwendo wa kuzunguka kwa shafti. Ikiwa sehemu ya shafti iliyo nje ya taya zinazoishika inazidi mara 3 ya kipenyo, yaani milimita 60, itegemeze mwisho wake kwa senta, yaani ncha iliyochongoka inayoshikilia katikati ya mwisho wa shafti. Tafadhali usivae glavu, kwa sababu chuma kinachozunguka hunasa kitambaa na kuuvuta mkono. Mtetemo ukiendelea, mwite fundi akague beringi kabla hujakereza tena.