Kufundisha udaktari kupitia skrini wakati wa korona: niliyoyaona nikiwa mwalimu

Mleta mada ameuliza kama masomo ya udaktari yaliyohamia mtandaoni wakati wa korona yalimfundisha mtu chochote, au muda ulipotea bure. Kipindi hicho nilikuwa nafundisha fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa hiyo najibu kwa niliyoyapitia.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020, na muda si mrefu wanafunzi wetu wakaondolewa wodini. Nikarekodi mihadhara ya saa mbili mbili, nikaipakia, nikaamini nimefundisha. Jaribio la kwanza likanisuta: istilahi walizijua, ila ukiwapa mgonjwa wanakwama.

Nikabadilisha. Video zikawa fupi, za kuangaliwa kabla ya kipindi. Kipindi chenyewe kikawa cha kesi tu, yaani visa vya wagonjwa vya kujadili. Moja ilikuwa ya mgonjwa wa kisukari anayevuta pumzi nzito za haraka: damu imejaa asidi (pH 7.1), bikaboneti inayopunguza asidi hiyo imeshuka hadi 8, na potasiamu ya kwenye damu iko juu, 5.6. Nikauliza, potasiamu mwilini mwake imezidi au imepungua? Kila mmoja aandike jibu lake kwenye gumzo lakini asitume hadi nihesabu tatu. Majibu yakamiminika kwa mpigo, na mengi yalisema imezidi.

Sikuwasahihisha. Niliwagawa kwenye vyumba vya mtandaoni vya watu watano watano wakabishane. Waliporudi walikuwa wameng'amua wenyewe: potasiamu imetoka ndani ya seli ikaingia kwenye damu, na nyingine nyingi imepotea kwa mkojo, hivyo mwili mzima una upungufu. Insulini anayotibiwa nayo itairudisha ndani ya seli, na usipoifuatilia itashuka kwenye damu kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo. Kitu ulichokikosea mbele ya wenzako kisha ukakifumbua mwenyewe hakikutoki kirahisi.

Lile la kuandika bila kutuma ndilo ninalolithamini kuliko yote. Darasani hujibu wale wale watatu, wengine hujificha nyuma yao. Pale nilimsoma hata binti ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, na mara nyingi hoja yake ilikuwa nzito kuliko ya wasemaji. Mbinu ya kesi si ngeni, maana Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilianza kufundishia udaktari kwa matatizo ya wagonjwa mwaka 1969, kabla watu hawajawa na kompyuta nyumbani. Teknolojia iliniongezea njia ya kumfikia kila mmoja, basi.

Waliokuwa na intaneti dhaifu niliwatumia kesi kwa maandishi matupu, wakajibu kwa ujumbe. Haikutosha, na hilo bado linaniuma.

Na mikono je? Hakuna video iliyomfundisha mtu kupapasa ini. Waliporudi wodini walieleza chanzo cha ugonjwa vizuri, ila vidole vilikuwa vigeni tumboni mwa mgonjwa. Tuliwaongezea wiki kwa ajili hiyo tu, kila mmoja akipapasa kwa zamu, nami nikiwa kando yake.